Spider-Man 3: muvi iliyobeba mshikaki

Wadau, habari za jioni. Mkisikia bati linagongagonga huko juu, simu zenu hazina tatizo, huo ni upepo wa Dodoma. Niko Nkuhungu, mwezi wa saba, dirisha nimefunga tangu asubuhi, halafu nikipitisha kidole hapa mezani... oneni wenyewe. Kwa hali hii nikasema leo tumzungumzie mtu wa mchanga.

Muvi ni Spider-Man 3, ya mwaka 2007, ya Tobey Maguire, mwongozaji Sam Raimi, yuleyule aliyetupa ile ya 2002 na ile ya 2004. Najua kuna waliokwishaanza kucheka. Ukiitaja hii muvi watu wanakumbuka nywele zilizoshushwa jichoni na kile kidansi cha barabarani. Subirini, tutafika.

Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda umiza pale Majengo, nikiwa shule ya msingi, kiingilio shilingi 200. Ilikuwa imetafsiriwa, na mtafsiri wetu alimbatiza Sandman jina la Mzee wa Changarawe. Yule bwana alikuwa hanyamazi hata steringi akinywa maji. Ilipofika sehemu Mzee wa Changarawe anainuka kutoka kwenye lundo, akanyamaza. Kibanda kizima kikanyamaza naye.

Hapo nataka tukae. Flint Marko, ndiye huyo Sandman kabla ya mchanga, ni mfungwa katoroka, polisi na mbwa wako nyuma, anaruka uzio na kuangukia kwenye shimo la majaribio ya kisayansi. Mitambo inawashwa, inamzungusha mpaka mwili unachanganyika na mchanga. Kunapokucha limebaki lundo tu. Kisha punje zinaanza kujisogeza zenyewe. Anainuka, anaporomoka. Anapata kichwa, uso bado. Chini pale kuna kidani chenye picha ya binti yake. Ananyoosha mkono akiokote, vidole vinamwagika. Anajikusanya upya, anajaribu tena. Hakuna mtu anayesema neno. Thomas Haden Church anaigiza huzuni akiwa hana hata uso wa kuigizia, na bado unamwonea huruma.

Mafundi waliotengeneza kitu hiki walikaa wakajaribu aina 12 za mchanga, wakaurusha, wakaumwaga, wakaangalia unavyodondoka, ndipo wakauiga kwenye kompyuta. Na sehemu ambazo mtu anatakiwa kufukiwa, mchanga wenyewe ungeweza kumdhuru, kwa hiyo walitumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi! Watu wa Kibaigwa, mnachoma mali. Kuna pia ile ngumi ya kule chini kwenye reli, inayoingia kifuani kwa Sandman ikatokea mgongoni: alivishwa nguo za Spider-Man mpiganaji wa kweli aliyekatwa mkono wa kulia, anaitwa Baxter Humby. Ndiyo maana ukiitazama leo jicho bado linaikubali, wakati muvi nyingi za miaka ile ukizirudia unaona katuni.

Na huyu adui tunamwelewa. Hataki kutawala dunia. Mtoto wake anaumwa, hela hana, anaiba. Nani hapa hayuko kwenye grupu la WhatsApp la michango ya matibabu? Mimi niko kwenye matatu.

Sasa tugeuze. Bodaboda ina nafasi ya abiria mmoja, wakizidi ndiyo mshikaki. Raimi kampakia Sandman, wakatoshana vizuri tu. Nyuma yake tayari kulikuwa na Harry, rafiki wa Spider-Man anayetaka kumlipizia kisasi cha baba yake, deni la tangu muvi ya kwanza; sawa, tubanane. Halafu anakuja Venom, adui wa tatu, mweusi mwenye meno. Mtayarishaji Avi Arad ndiye aliyemsukuma Raimi amweke, kwa sababu mashabiki walimtaka, na Raimi mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba hakuwaamini wahusika wote wa hii muvi. Inaonekana! Venom anaingia muvi inaelekea ukingoni, anapiga kelele, anakufa. Topher Grace si mwigizaji mbaya, ila Venom wa kwenye vitabu ni pande la mtu, huyu ukikutana naye stendi unaweza kumbebea begi. Na hapo sijamhesabu Gwen Stacy, msichana wa pili wa Spider-Man, aliyekalishwa juu ya tangi.

Mnajua aliyeanguka kwenye huo mshikaki ni nani? Yule mtoto. Penny, binti wa Marko, anaonekana mwanzoni, dakika chache, kitandani, basi. Juzi nimeitazama na binti yangu wa miaka saba. Mapigano yameisha, majina yanapanda, ananiuliza, "Baba, yule mtoto alipona?" Nikarudisha nyuma nikidhani nimepitiwa. Sikupitiwa. Muvi ina zaidi ya saa mbili, na haikumpata wa kumjibu. Marko mwenyewe tulikuja kumsikia tena mwaka 2021, kwenye Spider-Man: No Way Home, akisema anataka kurudi nyumbani akamwone binti yake. Miaka kumi na minne!

Mengine nayapitia haraka. Kimondo chenye ile lami nyeusi, inayomvisha Spider-Man nguo nyeusi na kumpandisha kiburi, kinatoka angani huko, New York yote ile, kinakuja kuanguka hatua chache kutoka kwenye pikipiki ya Peter, yaani Spider-Man mwenyewe. Harry anapigwa kichwa, anapoteza kumbukumbu, kama tamthilia za saa tatu usiku. Na yule mtumishi wa nyumbani anayemwambia Harry kwamba kidonda cha baba yake alikisafisha yeye, na kilitokana na chombo cha baba mwenyewe: mzee, muvi mbili nzima ulikuwa unapiga pasi? Pale Majengo watu walimzomea.

Kidansi, mimi nakitetea. Peter amevaa nguo nyeusi, kiburi kimepanda, anatembea mtaani akirusha vidole kwa wasichana, na wasichana wanamkwepa. Muvi inamcheka, nasi tunaalikwa tumcheke. Ni dogo wa UDOM, chuo kikuu chetu hapa, siku boom la kwanza, ile hela ya mkopo, limeingia. Unamjua huyo dogo, pengine ulikuwa wewe. Kosa ninaloliona ni kwamba kidansi kinahamia klabu, na humo humo anamsukuma Mary Jane, msichana anayempenda, mpaka anaanguka, na mwili wako bado uko kwenye kicheko. Umelazimishwa kuhama chumba kabla hujavaa viatu.

Kilichonisumbua miaka yote ni la Mjomba Ben. Muvi ya kwanza ilitueleza kwamba Peter alimwachia mwizi apite, mwizi huyo akamuua mjomba wake, na uzito ule ndio uliomfanya awe Spider-Man. Ya tatu inakuja kusema hapana, aliyefyatua risasi ni Marko. Nilichukia sana, niliona wamevunja msingi ili wapate matofali ya kujengea choo. Lakini bila kubadilisha hivyo, tusingepata ule mwisho, Marko akieleza jinsi bunduki ilivyofyatuka, Peter akimwambia nimekusamehe, naye akageuka vumbi akapeperuka. Niliwahi kuupitisha mbele kwa rimoti. Safari hii sikugusa rimoti.

Iliingiza zaidi ya dola milioni 890, kuliko zile mbili za mwanzo, ingawa kwa uzuri ile ya 2004 inaipita kwa mbali. Mimi naipa sita na nusu kwa kumi, na hizo sita zote ni za mchanga. Kama bando lako ni dogo, tafuta lile lundo linavyoinuka, weka spika za masikioni, kisha niandikie hapo chini kama Venom ulimkumbuka.

Nazima kamera nifagie. Marko kaingia wote humu chumbani.