Oili ya gia boksi kwa pikipiki ya umeme ya krosi: ipi ununue

Kabla hujatoa hela, hakikisha pikipiki yako ina gia boksi ya oili. Baadhi ya pikipiki za umeme hupeleka nguvu kwa mkanda na mnyororo tu, hazina cha kumwaga. Kama yako inayo, kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho, hata kikipingana nami.

Mota ya umeme hutoa nguvu kubwa tangu gurudumu likiwa limesimama. Ukivuta moto kwenye mchanga mzito, meno ya gia hubanana ghafla, na kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili. Masizi ya injini hayapo, na mara nyingi hata klachi haipo. Unachonunua ni ulinzi wa meno.

Namba moja kwangu ni sinthetiki ya 75W-90 (namba za uzito wa oili), daraja la GL-4 (kipimo cha ulinzi wa gia). Haigandi kwenye baridi, na ikipata moto haiwi maji. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kulinda meno yanayobanwa, lakini baadhi yake hula shaba. Kama ndani mna bushi za shaba, baki na GL-4. Kama ni chuma kitupu, GL-5 ni sawa kabisa.

Ya pili ni 80W-90 ya kawaida, isiyo sinthetiki. Bei yake ni nafuu, ila asubuhi ya baridi huwa nzito, na huchoka mapema.

Ya tatu ni oili ya injini ya pikipiki ya 10W-40 yenye alama ya JASO MA2, yaani inayofaa klachi inayoogelea ndani ya oili. Wengi huikataa wakidhani 40 ni nyepesi mno mbele ya 90. Sivyo: oili za injini na za gia hupimwa kwa mizani tofauti, na zikipata moto uzito wake hukaribiana. Inachokosa ni ile dawa ya kulinda meno ya gia. Lakini kama pikipiki yako ina klachi inayoogelea ndani ya oili, hii inapanda hadi namba moja, kwa sababu oili ya gia inaweza kuifanya klachi iteleze.

Ya mwisho ni ATF, oili ya gia boksi za otomatiki. Ni nyepesi sana; inunue pale tu kitabu kinapoitaja.

Usisahau washa (pete ya kuzuia kuvuja) mpya ya nati ya chini ya kumwagia oili. Nilipofungua yangu mara ya kwanza, oili ilitoka ikimetameta kama rangi ya fedha, na sumaku ya nati ilikuwa imeota manyoya ya unga wa chuma. Niliusaga kwa vidole, ukawa laini kama grisi: gia mpya zilikuwa zinazoeana. Ndiyo maana mimi huona heri kumwaga mapema oili ya kwanza kuliko kununua ya bei mbaya na kuiacha ikae. Ukikuta chenga zinazochoma vidole, usijaze. Gia boksi ifunguliwe kwanza.

Kiasi kinachoingia ni kidogo, kwa hiyo pima kwa bomba la sindano. Ukizidisha, oili hutoa povu na kuisukuma sili ya upande wa mota.