Tathmini iliyochelewa: biashara za Lake Arrowhead ambazo hazipo tena

Kijiji cha kwanza cha Lake Arrowhead, kile kilichofunguliwa mwaka 1922, kilikishinda cha sasa kwa mambo mawili na kushindwa kwa moja. Kilishinda kwa mpangilio na kwa ukumbi wa dansi. Kilishindwa kwa sababu kilikuwa cha mbao, na mbao hizo zilikaa katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,550, kwenye milima ya San Bernardino, California, mahali ambapo theluji ya Februari na jua kali la Agosti hupiga paa lilelile.

Ziwa lenyewe halikukusudiwa kuwa la starehe. Kampuni ya Arrowhead Reservoir ilianza kulijenga miaka ya 1890 ili maji yashushwe kumwagilia mashamba ya upande wa San Bernardino. Maji hayo kwa asili huteremka upande wa pili, kuelekea jangwa la Mojave, na mwaka 1913 mahakama ikakataza kuyahamisha. Kampuni ikabaki na bwawa lisilo na mteja. Wafanyabiashara wa Los Angeles walilinunua, wakamalizia ukuta wake mwaka 1922, na ufukweni wakajenga mji mdogo wa mapaa marefu yaliyochongoka kwa mtindo wa Kinormandi. Ukumbi wa dansi wenye kuba ulisimama katikati, hoteli, maduka na gati vikiwa vimeuzunguka.

Tuanze na kilichofanya kazi. Mmiliki alikuwa mmoja, na kwa mgeni hilo lilikuwa na faida ya wazi. Mtu alilala, akala, akapanda mashua na kucheza dansi bila kuwasha gari. Maduka hayakunyang'anyana mteja wa saa moja kwa sababu ukumbi ulivuta watu jioni na gati likawavuta asubuhi. Vijiji vingi vya milimani vina maduka mazuri ila havina kitu cha kumbakiza mtu baada ya saa kumi na mbili jioni. Ukumbi ulikuwa jibu la tatizo hilo, na kijiji cha sasa, pamoja na maegesho yake makubwa, hakijapata jibu zuri kama lile.

Ubaya wa mmiliki mmoja ni kwamba akichoka, kila kitu kinachoka pamoja naye. Mwaka 1946 mali ilichukuliwa na Los Angeles Turf Club, wenye uwanja wa mbio za farasi wa Santa Anita, na kuanzia mwaka 1960 ikawa mikononi mwa waendelezaji ambao faida yao kubwa ilikuwa kuuza viwanja vya nyumba. Ukiwa muuza viwanja, kijiji kwako ni tangazo tu. Unakipaka rangi mbele na kuacha kenchi zioze nyuma.

Na kuoza kwenyewe kuna utaratibu wake. Paa lililochongoka humwaga theluji vizuri, ndiyo maana mtindo ule haukuwa urembo mtupu. Shida iko mahali paa mbili zinapokutana na kufanya bonde. Theluji hujikusanya hapo. Joto la jikoni au la jiko la kuni hupanda darini, huyeyusha theluji kwa chini, na maji hushuka hadi ukingoni ambako hakuna joto, yakaganda tena. Baada ya siku kadhaa ukingo unakuwa na ukuta wa barafu. Maji yanayofuata hayana pa kutokea, hivyo hurudi nyuma chini ya vigae na kuingia kwenye mbao. Ukibandika lami upya juu unaficha tu. Dawa ni tatu, na zote hufanyika chini ya paa: ziba matundu ya hewa ya joto kwenye dari, weka kizuia joto, kisha acha hewa ya baridi ipite kutoka ukingoni hadi kwenye kofia ya paa. Majengo ya miaka ya 1920 hayakujengwa hivyo, na kuyarekebisha yote kwa mpigo kungegharimu karibu sawa na kujenga upya.

Mwaka 1979 waliamua kujenga upya, kwa njia iliyowaacha wengi midomo wazi: walikichoma kijiji kwa makusudi, kama zoezi la mafunzo ya wazima moto. Ukumbi wa dansi uliachwa, pamoja na majengo machache ya pembezoni. Kwa jicho la mkandarasi uamuzi huo una mantiki, maana kila lori la mabaki lazima lishuke mlimani kwa kona kali, na majivu hubebeka kwa urahisi kuliko mbao. Kama tathmini ya kumbukumbu ya mji, alama ni sifuri. Usiibomoe sehemu ambayo watu walifunga ndoa zao kwa mwendo wa kiberiti halafu utegemee wakupende.

Miaka michache kabla ya hapo, ziwa lenyewe nusura liondoke. Tetemeko la San Fernando la Februari 1971 lilimomonyoa bwawa la Lower Van Norman, huko Los Angeles, na watu kama 80,000 walihamishwa. Bwawa lile lilijengwa kwa udongo uliosukumwa na kutandazwa kwa maji, mbinu iliyokuwa na undugu na ile ya Arrowhead. Udongo wa namna hiyo unapotikiswa ukiwa umelowa, chembe zake huachana na kuwa uji. Jimbo likataka ukuta uimarishwe au maji yapunguzwe. Suluhisho lilikuwa la akili: ukuta mpya ulijengwa chini zaidi bondeni, mbele ya ule wa zamani, na maji yakajazwa katikati ili yausukume ukuta wa zamani kutoka upande wa pili. Maji hayo ndiyo Papoose Lake. Wenye nyumba walikubali kubeba gharama, na tangu mwaka 1975 ziwa limekuwa chini ya chama chao, Arrowhead Lake Association. Kwa mgeni maana yake ni kwamba hawezi kuja na mashua yake na kuishusha majini. Biashara yoyote ya ufukweni iliyotegemea mpita njia ilikatwa mguu hapo, na huduma iliyofaa zaidi kwa mgeni ikabaki mashua ya matembezi, Arrowhead Queen.

Sasa tuje Skyforest, kitongoji jirani kandokando ya barabara kuu namba 18, kwenye biashara inayotajwa kwa majonzi kuliko zote. Santa's Village, bustani ya burudani ya watoto yenye mandhari ya Krismasi, ilifunguliwa tarehe 28 Mei 1955, siku 50 kabla ya Disneyland. Mwanzilishi alikuwa Glenn Holland, naye hakuishia hapo: alifungua nyingine Scotts Valley mwaka 1957 na ya tatu Dundee, Illinois, mwaka 1959. Ya Skyforest ilikuwa na uyoga wa saruji mrefu kuliko mtu mzima, nyumba ya Baba Krismasi, vibanda vyenye umbo la nyuki vilivyoning'inia kwenye reli ya juu, na mlingoti wa Ncha ya Kaskazini uliogandishwa kwa mtambo hata wakati wa kiangazi ili watoto waguse barafu.

Kama bidhaa ya mtoto wa miaka mitatu hadi minane, tungeipa nyota nne bila kusita. Kila kitu kilikuwa cha kimo chake, hakuna foleni ya kutisha, na miti ilikuwa misonobari ya kweli, si ya plastiki. Nyota ya tano inakatwa na umri. Mtoto wa miaka kumi na miwili alishamaliza bustani nzima kabla ya chakula cha mchana, na familia yenye watoto wa rika mbili ilijikuta ikichagua kwenda kwingine.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya kalenda. Bustani ya Krismasi huuza zaidi Novemba na Desemba, na hiyo ndiyo miezi ambayo barabara namba 18 huanza kufunikwa na ukungu na theluji. Mamlaka za barabara hutangaza madaraja matatu ya ulazima wa kufunga minyororo kwenye matairi. R1 huruhusu gari la kawaida lenye matairi ya theluji kupita bila kuifunga. R2 huruhusu hivyo tu kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, tena lenye matairi ya theluji kwenye yote manne. R3 haimsamehe mtu. Baba wa familia kutoka bondeni, ambako theluji haianguki, hana minyororo, au anayo ya kipimo kisicho sawa na tairi lake. Akiifunga kwenye magurudumu ya nyuma ilhali gari lake linavutwa na ya mbele, haimsaidii kupanda hata hatua moja. Asipoikaza tena baada ya mita mia chache, ncha iliyolegea huanza kupiga bati la ndani na inaweza kukata bomba la breki. Mwendo nao haupaswi kupita kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo siku ya kuuza sana ndiyo siku ambayo wateja wengi walirudi nyumbani kutoka nusu ya mlima. Huwezi kulipa mshahara wa mwaka kwa mapato yanayotegemea hali ya hewa ya wikendi sita.

Ilifungwa mwaka 1998. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbawakawa wa magome walipoua misonobari iliyodhoofishwa na ukame, uwanja huo uligeuka mahali pa kurundika magogo. Desemba 2016 pakafunguliwa upya kwa jina la SkyPark at Santa's Village, safari hii pakiwa na njia za baiskeli za milimani. Hapo tunampa mmiliki mpya sifa yake: njia za baiskeli zinatibu magonjwa yote mawili, umri wa wateja na kalenda.

Kuhusu Crestline, jirani wa magharibi, tuseme jambo moja tu, nalo ni la mapaa bapa. Dhoruba za mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2023 ziliangusha paa la Goodwin's, duka kuu la vyakula la mji huo, wakati ambapo watu hawakuweza kushuka mlimani kununua kwingine. Piga hesabu: theluji mbichi ina kilo kama 100 kwa mita ya ujazo, lakini ikishajikandamiza na kunyonya mvua hufika 300 au zaidi. Mita mbili za namna hiyo juu ya paa la mita 20 kwa 30 ni tani 360. Dalili huja mapema: mlango unaanza kukwama kwenye fremu, dari inabonyea, mabomba ya kuzimia moto yanaonekana kupinda. Anayechota theluji kwa koleo aitoe pande zote kwa usawa, maana kuacha upande mmoja mzito hupindua kenchi, na aache sentimita tano au zaidi ili koleo lisichane lami. Mifereji ya paa isafishwe kwanza, kabla ya kingine chochote.

Anayetaka kuona kilichobaki aende siku ya kazi, Mei au Juni, barabara zikiwa kavu na maegesho yakiwa na nafasi. Aanzie kwenye ukumbi wa kuba pale kijijini. Ukumbi huo umepewa matumizi mengine, lakini simama mbali kidogo uangalie umbo la paa, kisha ulilinganishe na majengo ya miaka ya 1980 yanayouzunguka, na utatambua kipi ni asili na kipi ni nakala. Baadaye apande Arrowhead Queen, kwa kuwa nyumba na hoteli za kale zilijengwa zitazame maji, na ukiwa barabarani unaona migongo yake tu. Kwenye ufuko wa kaskazini ndipo ilipokuwa hoteli ya North Shore Tavern. Mahali hapo pako mikononi mwa Chuo Kikuu cha California tangu miaka ya 1950, na sasa ni nyumba ya mikutano ya UCLA, tawi la chuo hicho la Los Angeles, hivyo mpita njia asitegemee kukaribishwa mezani bila kuweka nafasi.