Mi Teleférico, La Paz: nzuri, mradi usianze na El Alto

Wengi huipanda Mi Teleférico, usafiri wa magari ya kebo wa La Paz, Bolivia, kwa ajili ya mandhari. Mandhari yapo, lakini kwa mtu aliyeshuka kwenye ndege jana, faida kubwa ya magari haya ya kebo ni kumwepusha na vilima. Katikati ya La Paz ni mita 3,600 hivi kutoka usawa wa bahari, oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na mitaa mingi ni ngazi na miteremko mikali.

Kosa la kawaida ni kukimbilia Laini Nyekundu siku ya kwanza. Hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2014, inatoka Kituo Kikuu, inapita juu ya makaburi na kukufikisha El Alto, mji ulio juu ya La Paz, kwa dakika kumi hivi, mita 4,000 na ushee. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara kwanza ndipo afike Horombo, mita 3,720. Uwanja wa ndege wa El Alto uko juu ya hapo, na ndege inakushusha humo bila kituo cha katikati. Ukifika, teremka mjini moja kwa moja, upumzike.

Siku inayofuata nenda chini, usipande. Chukua Laini ya Samawati (Celeste) kutoka kituo cha Prado, katikati ya mji, hadi kituo cha Libertador, uunganishe na ya Kijani mpaka Irpavi. Huko ni chini kwa mita mia kadhaa, na tofauti utaisikia kifuani. Nauli ni boliviano 3 kwa laini ya kwanza na 2 kwa kila unayounganisha. Mwambie karani mapema utapanda laini ngapi, na uwe na chenji.

Kibanda cha abiria hakisimami kituoni, kinatambaa tu. Ingia upesi, begi likiwa mkononi badala ya mgongoni, la sivyo utawakwaruza wenzako: watu kumi wanakaa magoti kwa magoti.

Mzunguko mzuri kuliko yote uache hadi siku ya tatu au ya nne: Nyekundu kupanda, ya Fedha ukingoni mwa El Alto, Njano kushuka. Jumla boliviano 7, bei ya bure kabisa kwa kitu kama hiki. Kwenye ya Fedha kaa kushoto. Kwenye Njano kaa ukitazama upande wa kushukia. Mlima Illimani, mita 6,438, uko kusini-mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga machoni. Alasiri theluji yake inang'aa, ila miezi ya mvua, Novemba hadi Machi, mawingu huuficha na radi husimamisha laini. Alhamisi na Jumapili ni gulio la 16 de Julio huko El Alto, na Nyekundu hujaa foleni. Kila laini pia hufungwa siku chache kwa mwaka kwa matengenezo, ulizia kwanza.

Kichwa kikiuma na chakula kikikukinai, usipande zaidi. Ukianza kuyumba au kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, hapo ni hospitali na kushuka haraka. Acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, husaidia ikianzwa siku moja kabla, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Chai ya majani ya koka inauzwa kila kona. Kunywa ukipenda, ila anayepimwa mkojo kazini ajue itaonekana kama kokeini, na majani yenyewe usiyatie begini kurudi nayo nyumbani.