Chombo cha kuhifadhia maji ya chumvi ya akwariamu ya matumbawe: kipi ununue kwanza, kipi uache

Mtu anayefunga mfumo wa kubadilisha maji unaojiendesha huchunguza pampu kwa siku nyingi, halafu ikifika zamu ya chombo cha kuwekea maji yaliyokwisha kukorogwa, ananunua chochote anachokiona. Mimi ningeanza na chombo. Pampu hutoa na kuingiza kadiri ilivyopangwa, basi. Kazi ya kuyalinda maji yasibadilike kabla hayajaingia akwariamu ni ya chombo, na matumbawe huumia chumvi inapopanda na kushuka.

Piga hesabu ya ukubwa kabla ya kutoa pesa. Akwariamu ya lita 300 inayobadilishiwa asilimia 1 kwa siku hutumia lita 3 kila siku, yaani lita 90 kwa siku 30. (Kwa siku hizo, maji ya zamani yanayoondoka ni takriban asilimia 26, maana sehemu ya maji mapya nayo hutolewa.) Chombo cha lita 100 hadi 120 kinamtosha mwenye akwariamu hiyo. Usivutwe na cha lita 500 kwa sababu tu nafasi ipo. Maji yakikaa miezi, hasa ya chumvi iliyotengenezwa iwe na alkali nyingi, kalsiamu na kabonati huungana na kuganda: utaona ukoko mweupe kwenye pampu na ukutani, na ukipima utakuta alkali imeshuka. Nunua kinachoisha ndani ya mwezi mmoja hivi, ukioshe, ukoroge upya.

Namba moja kwangu ni tangi la plastiki la mstatili, jembamba, lenye mfuniko wa kuskurubu na mdomo unaopitisha mkono mpaka begani. Linakaa ukutani bila kula nafasi, na mfuniko wake unabana. Mfuniko ndio unaolipa nafasi hii. Maji yakivukiza, chumvi hubaki: lita 100 zenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji zikipoteza lita 5, zinakaribia gramu 37. Tafuta chini ya tangi alama ya pembetatu yenye namba 2, na maelezo kwamba plastiki hiyo inafaa kwa chakula. Bonyeza ukuta kwa kiganja. Ukibonyea kirahisi, tangi litavimba tumbo likijazwa.

Namba mbili ni pipa la bluu la lita 200 lenye mfuniko mpana unaofungwa kwa pete ya chuma. Ni imara, na kwa kuwa ni duara, maji huzunguka vizuri bila kuacha chumvi imelala pembeni. Hakikisha pete iko nje kabisa, haigusi maji. Kama limetumika, uliza lilibeba nini. La juisi au siki linaoshwa likafaa. La sabuni, dawa au mafuta liache hata kama halinuki, kwa sababu plastiki hunyonya. Likijaa lina zaidi ya kilo 205, kwa hiyo liweke mahali pa kudumu kabla ya kumimina tone la kwanza.

Namba tatu ni pipa jipya la taka la plastiki nzito, aina ya Brute. Wafugaji wengi wa matumbawe hulitumia, na kwa kukorogea ni zuri mno. Kwa kuhifadhi nimelishusha kwa sababu mfuniko wake haubani kama ule wa kuskurubu. Ukilichagua, pima chumvi kila wiki.

Madumu ya lita 20 yanamfaa mwenye akwariamu ndogo tu. Kuunganisha kadhaa kwa mipira ni kuongeza mahali pa kuvuja. Akwariamu kuukuu ya kioo haina sumu, ila inapitisha mwanga na mwani utaota. Mabati, na chochote chenye koki ya shaba, usikiguse: shaba na zinki huua matumbawe, kamba na konokono.

Pamoja na chombo, nunua kihisi cha maji kuisha. Hiki si cha hiari. Chombo kikikauka, pampu ya kutoa huendelea kutoa wakati ya kuingiza inavuta hewa. Mtambo wa kujazia maji yaliyovukiza huona kina kimeshuka, ukamimina maji yasiyo na chumvi, na chumvi ya akwariamu inateremka siku baada ya siku bila dalili machoni. Kihisi kizime pampu zote mbili, si ile ya kuingiza peke yake.

Pampu ndogo ya kuzungushia ndani ya chombo inatosha kuwaka dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Hita sioni haja yake chumvi ikishayeyuka: maji huingia kidogo kidogo, na joto huharakisha ule ukoko mweupe.

Kabla hujatoboa tundu la koki, fikiria urefu. Weka koki sentimita chache juu ya sakafu ya chombo ili mashapo yasivutwe. Uso wa maji chomboni uwe chini ya ncha ya mrija unaoingiza, nayo ncha hiyo iwe juu ya maji ya sampu (tangi la pili lililounganishwa na akwariamu, kwa kawaida chini yake). Hapo hata mpira wa pampu ukichakaa, maji hayatateremka yenyewe upande wowote. Jaza maji ya kawaida, kaza washa (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), acha siku nzima, kisha pitisha karatasi kavu kuzunguka kila kiungo. Ikilowa, fungua ufunge upya kabla ya kukoroga chumvi.