Kulipia Meli ya Kitalii kwa Pointi za Taimushea: Tathmini ya Familia ya Mwanza

Huduma ninayoitathmini hapa si meli yenyewe, ingawa meli nitaigusia, bali ni utaratibu wa kulipia safari ya meli ya kitalii kwa pointi za taimushea, yaani ule umiliki wa nyumba za likizo kwa zamu ambao wengi wetu tunausikia kupitia ndugu walioko Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Dada yangu mkubwa, anayeishi Johannesburg, ni mwanachama wa klabu moja ya pointi, na ndiye aliyetualika sisi wa Mwanza, yaani mama, mimi, mke wangu na watoto, tupande naye meli kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji na kurudi. Hukumu yangu naitoa mapema: safari ilikuwa nzuri, njia ya kuilipia ilikuwa ghali, na ughali wenyewe umekaa mahali ambapo mtu asiyeshika kalamu hawezi kuuona.

Ili msomaji anielewe, ni vyema kueleza mfumo unavyofanya kazi. Taimushea ya awali ilikuwa ya juma: mtu alinunua haki ya kukaa katika nyumba fulani, juma fulani la mwaka, na aliyechoka kwenda mahali pale pale alibadilishana na mwenzake kupitia kampuni kama RCI, iliyoanzishwa mwaka 1974, au Interval International ya mwaka 1976. Baadaye mfumo wa pointi ukashika kasi. Disney, kwa mfano, walifungua klabu yao mwaka 1991 wakiwa na pointi tangu mwanzo. Afrika Kusini biashara hii ni ya zamani kiasi kwamba ilitungiwa sheria yake mwaka 1983. Chini ya pointi, mwanachama huwekewa idadi yake kila mwaka na kuzitumia kupanga nyumba atakayo, kwa kuzingatia kwamba nyumba ya ufukweni mwezi Desemba hula pointi nyingi kuliko ya mlimani mwezi Mei. Ada ya matunzo hulipwa kila mwaka, awe amesafiri au amebaki kwake, nayo kwa kawaida hupanda. Pointi zisizotumika hufa baada ya muda uliowekwa, ingawa klabu nyingi huruhusu kuzihamishia mwaka unaofuata iwapo mwanachama ataomba mapema.

Kiini cha tathmini yangu ni hiki: klabu ina nyumba, lakini haina meli. Mwanachama anapoomba nyumba, klabu inampa kitu ambacho tayari kiko mikononi mwake na ambacho ada za wanachama zimekwisha kukigharimia. Anapoomba meli, klabu inalazimika kwenda kununua kabini kwa fedha taslimu kutoka kampuni ya meli, kisha ifidie fedha hizo kwa kuzichukua pointi zake kwa thamani ya chini. Tuchukue mfano wa hesabu. Mwanachama ana pointi 10,000 na analipa ada ya rand 12,000 kwa mwaka, kwa hiyo kila pointi inamgharimu rand 1.20 kabla hata ya kuhesabu fedha alizonunulia uanachama wenyewe. Akipanga kwa pointi hizo nyumba ambayo mtu wa kawaida angeilipia rand 15,000, amepata faida. Lakini klabu ikimhesabia pointi moja kuwa senti 70 tu kwa ajili ya meli, pointi zile zile zinafuta rand 7,000 za nauli, maana yake ametoa 12,000 ili apate 7,000. Takwimu hizi ni za mfano, ila uwiano wake haukupishana sana na tuliouona dada alipotuonesha ankara yake, na ndiyo maana nashangaa kusikia watu wakisema kwamba walisafiri na meli bure kwa sababu walitumia pointi.

Jambo la pili ni kile ambacho pointi hazikigusi. Kwetu sisi zililipa nauli ya kabini peke yake. Kodi na ada za bandari zililipwa kwa kadi ya benki, bima kadhalika, na ada ya huduma ya wahudumu ilitozwa kwa kila kichwa kwa kila usiku, watoto wakiwamo. Vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu ni juu ya abiria. Hayo yote yangelipwa vilevile na mtu aliyenunua tiketi kwa fedha taslimu, kwa hiyo silaumu meli. Ninachokilaumu ni kipeperushi cha klabu, ambacho kilitaja pointi kwa herufi kubwa na kuyaacha haya mengine katika maandishi ambayo mama yangu, hata kwa miwani yake, asingeyasoma. Zaidi ya hapo, kampuni za meli huwa na kawaida ya kupunguza sana nauli ya mtu wa tatu na wa nne katika kabini moja, jambo ambalo ni neema kwa familia yenye watoto. Klabu ya dada ilikata pointi kwa bei moja ya kabini, na punguzo hilo halikutufikia. Siku ile ile tuliyopanga safari, bei iliyotangazwa na kampuni ya meli kwa umma ilikuwa chini ya ile ambayo klabu iliitumia kupiga hesabu ya pointi.

Kwa msafiri anayeanzia Mwanza kuna gharama nyingine tena ambayo hakuna pointi inayoigusa, nayo ni kufika bandarini. Ndege ya kwenda Dar es Salaam, nyingine hadi Johannesburg, kisha Durban, kwa familia nzima, ilituchukulia fedha nyingi kuliko kabini yenyewe. Hata hivyo Durban ina sifa moja ambayo Barcelona au Miami hazina: mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90, na Msumbiji nayo haimdai viza. Anayealikwa na ndugu kupanda meli ya bahari ya Mediterania atahitaji kwanza viza ya Schengen, yaani ile ya eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ikiwa meli inatoka nje ya eneo hilo na kurudi, viza hiyo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Viza ikinyimwa, pointi zilizokwisha kukatwa hazirudi kirahisi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto tulivibeba, na jina la kila abiria tulihakikisha limeandikwa kama lilivyo katika pasipoti, kwa kuwa mwenye kurekebisha jina ni klabu na si kampuni ya meli, nayo haina haraka.

Kuhusu meli nitasema machache. Chakula kilikuwa kingi na kizuri, watoto walihamia kwenye bwawa la kuogelea, na kabini yetu ya ndani, isiyo na dirisha, ilitosha kwa kulala tu, jambo ambalo halikumsumbua mama aliyezoea vyumba vya MV Victoria ya kwenda Bukoba. Kilichompendeza zaidi ni zoezi la dharura, ambapo kila abiria anaelekezwa kituo chake cha kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi okozi. Tangu ajali ya Costa Concordia nchini Italia, Januari 2012, iliyoua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili zoezi hilo lifanyike kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka, na kanuni hiyo imekuwa ikitumika tangu 2015. Vijana wengine walilalamika kwamba wanapotezewa muda. Mama, ambaye Mei 1996 alikuwa Mwanza wakati MV Bukoba inazama, alisikiliza mpaka mwisho na kuwataka wajukuu warudie maelekezo. Kisiwa cha Wareno, kituo chetu katika ghuba ya Maputo, kinafikiwa kwa boti ndogo, na mawimbi yakiwa makubwa nahodha hukipita. Sisi tulishuka, ila ni vizuri kujua kwamba masharti ya tiketi yanampa nahodha uhuru huo, na hakuna pointi inayorudishwa kwa bandari iliyorukwa.

Je, kuna mtu ambaye njia hii inamfaa? Yupo. Mwenye pointi zinazokaribia kufa, asiye na nafasi ya kukaa katika nyumba yoyote kabla ya mwaka wa klabu kwisha, ni afadhali apate thamani ndogo kuliko kukosa kabisa. Na hiyo ndiyo ilikuwa hali ya dada, ambaye kazi ya zamu hospitalini ilimnyima likizo mwaka uliotangulia. Mwenye muda wa kutosha ana njia bora zaidi pale klabu inaporuhusu: apange nyumba ya msimu wa watu wengi, aipangishe kwa fedha, kisha fedha hiyo ainunulie meli kwa bei ya umma pamoja na punguzo la watoto. Aliyenunua pointi mkononi mwa mwanachama mwingine asome masharti kwanza, kwa sababu baadhi ya klabu huzibagua pointi hizo. Kwa Disney, zilizonunuliwa kwa njia hiyo tangu 21 Machi 2011 haziwezi kulipia meli zao. Na kama kuna anayeshawishiwa kununua uanachama akiwa matembezini Afrika Kusini, eti ili awe anapanda meli, ajue kwamba sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2008 ya kumlinda mlaji inampa siku 5 za kazi kufuta manunuzi yaliyotokana na kufuatwa moja kwa moja na muuzaji.

Utaratibu huu wa malipo naupa nyota 2 kati ya 5: moja kwa kuwa pointi zilizokuwa zinakwenda kupotea zilipata kazi, na nyingine kwa ajili ya mhudumu wa simu aliyetujibu kwa uvumilivu kila tulipouliza. Meli naipa 4. Pointi za mwaka huu dada amekwisha kuzipangia nyumba katika milima ya Drakensberg, yenye vitanda vya kututosha sote, na safari nyingine ya meli, ikitokea, tumekubaliana kuichangia kwa fedha taslimu.