Nimelipa laki nne na nusu kurekebisha tovuti yangu ya dagaa

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, huu ni mwaka wa 17. Si wale wa magunia wanaopakiwa kwenye malori kwenda Kongo. Mimi nachambua, natoa vichwa kwa anayetaka, nafunga nusu kilo na kilo moja, napeleka stendi ya Nyegezi wanapanda basi kwenda Dodoma, Morogoro, Dar. Tovuti nilitengenezewa mwaka juzi kwa milioni moja na laki mbili. Aliyeitengeneza simtaji, pesa alikula na kazi aliifanya kwa jinsi alivyoijua.

Ilikuwa nzuri kuitazama. Ukiifungua unaona video ya jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza, jua linazama nyuma yake, maji yanacheza. Na watu walikuwa wanaingia, kwa sababu kuna ukurasa wa hesabu ambao naufungua kwa nywila yangu. Mwezi mmoja niliandika kwenye daftari: wageni 412, oda 5. Na katika hao watano, watatu ni wateja wangu wa zamani ambao wangenipigia simu tu.

Nikadhani watu hawanijui vya kutosha. Nikalipia matangazo Instagram, laki na nusu. Wageni wakaongezeka, oda zikabaki palepale. Nilikuwa nateka maji kwa pakacha, na kila nilipoona yanavuja nikaenda kuteka mengine.

Kijana aliyeirekebisha nilielekezwa na mwenye nyumba ya wageni wa Isamilo. Kazi yake si kutengeneza tovuti mpya. Anachukua uliyonayo anaitazama ni wapi mgeni anapotelea kabla hajawa mteja. Ameniomba nisiandike jina lake kwa sasa kwa kuwa ana kazi nyingi mkononi, kwa hiyo nitaeleza alichokifanya, uzuri na upungufu, ili ukikutana na mtu wa kazi kama hii ujue umuulize nini.

Siku ya kwanza alikuja kibandani saa mbili asubuhi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akavuta ndoo akakaa. Hakutoa kompyuta. Alitoa daftari akaniuliza: "Mama, mteja akisimama hapa mbele yako, swali lake la kwanza huwa lipi?"

Nikamwambia bila kufikiri: wana mchanga? La pili, wa lini hawa? La tatu, bei. La nne, kama anatoka mbali, nitampelekeaje na atajuaje kwamba simwibii. Akaandika yote manne. Halafu akafungua tovuti yangu kwenye simu yake, akanipa, akasema nimwonyeshe yanajibiwa wapi.

Nilitafuta mpaka jasho likanitoka. Kulikuwa na dira yetu, na dhamira yetu, na maneno kwamba sisi ni kampuni inayojali ubora. Mchanga haukutajwa hata mara moja. Na kwetu sisi wa dagaa mchanga ndiyo kesi yenyewe: walioanikwa chini ufukweni wanauokota, utawaosha maji matatu na bado meno yatakuambia. Wangu naanika kwenye chanja, nyavu juu ya miti, usawa wa kiuno. Nalipa zaidi kwa ajili ya hiyo chanja. Nilikuwa nimeificha kwenye tovuti yangu mwenyewe.

Siku ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Alimleta mama lishe mmoja wa Mabatini, hanijui simjui. Akampa simu ya Tecno ya kawaida yenye bando, akamwambia: "Agiza dagaa nusu kilo kwenye tovuti hii, kama vile uko nyumbani kwako." Mimi akanigeukia: "Mama, wewe usiseme kitu chochote. Hata akikwama."

Ukurasa ulikuwa mweupe. Mweupe, mweupe, anasubiri. Ile video ya jiwe ndiyo iliyokuwa inavutwa. Akasema "imegoma," akarudi nyuma, akaingia tena kwa sababu ameombwa. Ilipofunguka akaibonyeza picha ya dagaa. Haikumpeleka popote, ilikuwa picha tu. Akabonyeza tena, akabonyeza mara ya tatu kwa nguvu, kidole gumba kimepinda. Nilitamani nimnyang'anye simu nimwonyeshe. Baadaye akapata neno "Bidhaa" juu pembeni, akaweka nusu kilo kikapuni, na hapo ikamtokea fomu: fungua akaunti kwanza. Barua pepe. Nywila yenye herufi kubwa, herufi ndogo na namba. Tarehe ya kuzaliwa. Postikodi. Akainua macho akanitazama mimi, si kijana: "Mayu, kwani hapa naomba kazi?" Akaiweka simu juu ya meza ya mizani.

Ninaandika haya na bado ninaliona lile jicho. Watu 407 kwa mwezi mmoja walikuwa wameondoka hivyo, na mimi nilikuwa nawahesabu kama watu wasiotaka dagaa.

Kijana aliniambia kwamba hili si tatizo la Mwaloni peke yake. Kuna Mmarekani anaitwa Jared Spool ambaye kazi yake ni kuwatazama watu wakitumia tovuti. Aliwahi kueleza habari ya duka kubwa la mtandaoni lililomlazimisha mteja kujisajili kabla ya kulipa. Walipokiondoa kitufe cha kujisajili wakaweka cha "endelea", na kumwambia mteja kwamba akaunti si lazima, mauzo yalipanda kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza ziliongezeka dola milioni 300. Kitufe! Na taasisi ya Baymard ya Denmark inayokusanya tafiti za maduka ya mtandaoni inasema kwa wastani karibu watu 70 katika kila 100 wanaoweka kitu kikapuni huondoka bila kulipa. Nilipumua kidogo kusikia hivyo.

Tarehe ya kuzaliwa aliifuta palepale, mbele yangu. Akasema tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika mwaka 2023, mtu hakusanyi taarifa za watu asizozihitaji, na mimi tarehe ya kuzaliwa ya mteja wa dagaa naihitajia nini? Sikuwa na jibu. Fomu sasa ina vitu vitatu: jina, namba ya simu, mji unaopelekewa.

Kuhusu video tulibishana. Nalipenda lile jiwe, ni la kwetu. Akanionyesha kipimo cha Google cha bure kinachoitwa PageSpeed Insights, unaandika anwani ya tovuti yako kinakupa alama. Google wanataka kitu kikubwa kilichoko mbele ya macho kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Changu kilikuwa mbali sana na hapo, kipimo kilikuwa chekundu kitupu. Mwaka 2016 walitoa takwimu kwamba zaidi ya nusu ya wanaoingia kwa simu, asilimia 53, huacha kama ukurasa umezidi sekunde 3. Nikakubali. Jiwe sasa ni picha ndogo kwenye ukurasa wa "Tulipo". Picha nyingine alizibadili kuwa za aina ya WebP, ambayo ni nyepesi, na ya kwanza kabisa kuonekana ni mkono wangu umeshika dagaa juu ya chanja, na maneno: "Wameanikwa kwenye chanja. Hawana mchanga. Ukiukuta, tunarudisha pesa yako." Hayo maneno ni yangu, alichofanya yeye ni kuyaandika kama nilivyoyatamka.

Malipo nayo. Tovuti ya kwanza ilidai kadi ya benki, wakati wateja wangu wanalipa kwa simu. Sasa kuna lipa namba, na chini yake kijana aliongeza mstari ambao mimi nisingeufikiria: "Jina litakalotokea kwenye simu yako kabla hujathibitisha ni hili," na jina langu kamili kama lilivyosajiliwa. Biashara ina jina lake na namba ina jina langu. Mtu alikuwa akifika pale akaona jina geni anaogopa, na ana haki ya kuogopa kwa jinsi matapeli walivyojaa. Pia tunatuma picha ya risiti ya basi siku hiyohiyo, na hilo limeandikwa karibu na kitufe cha "Agiza", siyo mwisho wa ukurasa. Asiyetaka fomu anabonyeza WhatsApp, anakuta ujumbe umeshaandikwa, anajaza kilo na mji.

Kuna jambo nililikataa. Alitaka kuweka saa inayorudi nyuma, na maneno "zimebaki pakiti 3 tu", na "watu 14 wanaangalia sasa hivi". Akasema maduka makubwa yanafanya na inaongeza mauzo. Inawezekana. Lakini kama nina magunia mawili ndani siwezi kumwambia mtu zimebaki tatu. Mteja wa dagaa anarudi kila wiki tatu kwa miaka, na siku akigundua nilimdanganya kuhusu pakiti hataniamini kuhusu mchanga. Alikubali bila kununa, na kwa hilo namheshimu.

Badala yake tukaweka kitu cha kweli. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Watu wa Dar hawalijui hilo, wanadhani tunawapandishia kwa tamaa. Sasa juu kabisa ya tovuti kuna mstari mmoja ninaoubadili mimi: "Wapo, walivuliwa wiki hii" au "Tunasubiri giza, acha namba tukujulishe." Giza lililopita watu 11 waliacha namba. Niliwapigia wote, 8 wakanunua.

Upungufu wake nausema pia. Aliahidi wiki mbili, alichukua wiki tatu na siku mbili, na katikati simu ilikuwa haipokelewi. Na mwanzoni hakunifundisha kubadili bei mwenyewe. Dagaa bei yake haikai siku tano, halafu kila mara nimbembeleze? Ilinibidi nisimame imara kabla sijamalizia laki na nusu ya mwisho ndipo akakaa na mimi saa nzima akanielekeza. Muulize fundi wako jambo hilo kabla hujatoa hata shilingi.

Hesabu sasa. Yeye alitaka tulinganishe mwezi kwa mwezi. Nikamwambia hapana, tulinganishe giza kwa giza, la sivyo tutausifu mwezi wa mbinguni tukidhani tunaisifu tovuti. Tukafanya hivyo. Giza la kabla ya marekebisho: wageni 296, oda 4. Giza la pili baada ya marekebisho: wageni 310, oda 19. Matangazo sikulipia hata senti. Sisemi zote 19 ni kazi yake, kuna wawili walioletwa na shangazi yangu wa Dodoma. Lakini laki nne na nusu imesharudi.

Kama tovuti yako inaingiza watu 20 kwa mwezi, usimlipe mtu kazi hii bado. Hakuna cha kupima. Andika maswali manne ya kwanza ya wateja wako, yajibu juu ya ukurasa wa kwanza, basi. Na mtafute mtu asiyekujua umpe simu, unyamaze. Kunyamaza ni kugumu kuliko unavyodhani.

Yule mama lishe alirudi baada ya kazi kuisha, kijana ndiye aliyemwita. Simu ileile ya Tecno, ndoo ileile. Sikusema neno. Aliibonyeza picha, safari hii ikafunguka. Akajaza jina, namba, akaandika Mabatini, na kabla hajainua kichwa simu yangu ikatetema mfukoni mwa kitenge: nusu kilo. Nikampimia palepale, nikaongeza kiganja kimoja juu.