Nimenunua seti ya spana za "saizi zinazorukwa", nyota tatu na maelezo kidogo

Kama una boksi la spana lifungue uangalie. Utakuta 8, 10, 12, 13, 14, 17, 19, labda na 22 na 24 (ni milimita, upana wa kichwa cha bolti ambacho spana inashika). Haya sasa nitolee 15. Nitolee 16. Nitolee 18. Hamna, na hata zile seti zinazojisifia zina vipande mia na ushee nyingi zinaruka hapohapo, vipande vyenyewe nusu ni ncha za bisibisi za kujazia boksi. Mi nilikuwa sijali mpaka siku nakutana na bolti ya M10 (yaani unene wake milimita 10) ambayo 17 inacheza na 14 haiingii kabisa, nikasema aah si ipo spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), nikaikaza nikavuta, ikala kona mbili za kile kichwa na bolti haijasogea hata kidogo.

Kumbe shida ni kwamba bolti ileile ya M10 ina vichwa vitatu tofauti kutegemea katoka wapi. Kwa kiwango cha zamani cha Kijerumani (DIN) kichwa ni 17, kwa kiwango cha kimataifa (ISO) ni 16, kwenye magari ya Kijapani mara nyingi ni 14. M12 hivohivo, 19, 18 na 17. Kwa hiyo fundi aliyekulia kwenye magari ya Kijapani anaweza kumaliza miaka bila kuigusa 16 afu siku analetewa gari ya Ulaya anaumbuka mbele ya mteja.

Basi nikaagiza mtandaoni seti ya spana kumi, fleti (mdomo wazi) upande mmoja, ringi (duara linalozunguka kichwa chote) upande wa pili: 5.5, 7, 9, 11, 15, 16, 18, 20, 21 na 23. Wazo la seti nimelipenda sana yaani mtu kakaa akafikiria, badala ya kuniuzia tena 10 na 13 ambazo ninazo nne nne (sawa, 10 ninayo moja, zingine zimepotea, si mnajua mambo ya 10).

Tuanze na 16, ndo iliyonipeleka. Safi. Ringi yake imekaa kwenye kichwa bila kutikisika, ile bolti niliyoila kona nikaigongea na nyundo taratibu ikashika, nikavuta ikalia "kwaa" ikaachia. Kwa hiyo moja tu nilisharidhika.

18 sasa, ndo nikaanza kuuliza maswali. Upande wa ringi hauna neno ila fleti imepanuka, ukiweka kwenye nati mpya kabisa ina mchezo unaouona kwa macho, na mimi sio wa kutumia fleti kufungua kitu kilichokaza lakini kuna sehemu ringi haipiti hata ufanyeje. Nimemwandikia muuzaji akanijibu ndo kawaida ya bidhaa. Haya.

15 niliitaka ya pedeli za baiskeli na hapa kosa ni langu, sikusoma. Saizi ni sahihi ila spana ni nene, ile nafasi kati ya pedeli na mkono wake kwenye baiskeli nyingi ni nyembamba, spana ya kawaida haizami. Pedeli inataka spana yake nyembamba na ndefu, na ukija kwenye koni za ekseli za magurudumu ya baiskeli ni nyembamba zaidi, kama milimita 2 tu. Kwa hiyo ukitafuta saizi adimu usiangalie namba peke yake, muulize muuzaji na unene. Wengi hawaandiki.

7 na 9 nazitumia kwenye nipo za kutolea upepo breki, hizo ni laini na zikilika ni kilio, tumia upande wa ringi tu tafadhali. 5.5 ni ya vinati vya M3, ndogo kama ufunguo wa kufuli, sina la kulalamikia. 11 na 21 zipo tu vizuri.

Kitu ambacho seti haina na nilikihitaji kuliko 20 ni aleni ki ya 7 (ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya tundu la bolti). Seti za kawaida zinatoka 6 zinarukia 8, na ukienda kufungua kalipa za breki za VW na wenzake wengi wa Ulaya zile pini zake zinataka 7. Kabla sijaipata nilijaribu ujanja, kichwa cha bolti ya M4 upana wake ni 7 kamili, ukikichomeka mle kwenye pini ukafunga nati mbili zikabanana unapata aleni ki ya bure. Ilikatika. Bolti ya M4 haina ubavu wa kufungua pini ya breki, ni akili ya saa tano usiku hiyo. Mwisho nikanunua soketi ya aleni ya 7 peke yake, kampuni kama Hazet, Gedore na Stahlwille wanauza kipande kimoja kimoja kwa saizi, bei inauma ila unanunua kile unachokosa tu.

Afu ukiwa unatafuta, pima kwanza na vernia (kile kipimo cha taya mbili). Kichwa cha bolti hutengenezwa kidogo kuliko namba yake, hakizidi, kwa hiyo ukisoma 15.8 hiyo ni 16, usiende kuomba spana ya 15 na nusu. Na usiandike "spana M16" kwenye kutafuta, M ni unene wa bolti, utaletewa 24. Angalia pia isije ikawa ya inchi, 5/8 ni 15.88 na spana ya 16 inaivaa vizuri tu, ila 9/16 ni 14.29, hapo 14 haiingii na 15 inakula kona.

Namba zimechomwa na leza, ya 16 imeshaanza kufutika. Nyota tatu, ingekuwa nne kama si ile 18. Ile 23 bado iko kwenye nailoni yake, mwenye kujua inafungua nini aniambie.